Mkate na pinatibata Kimwanza: mwongozo kamili, kuanzia karanga mbichi mpaka dagaa juu yake

Naanza na msimamo wangu kabisa ili tusije tukalaumiana mbele ya safari. Mi mkate wa pinatibata nakula na chumvi, pilipili na kitu chenye uchachu, na siku ikiwa nzuri naweka na dagaa. Jamu nyekundu ya dukani na sukari ya kunyunyiza nawaachia watoto. Waifu anasema nina ulimi wa mvuvi, mama mkwe wangu wa Ngudu anasema mkate wenyewe ndio tatizo maana karanga Mungu aliziumba kwa ajili ya matobolwa, yale ya viazi vitamu vya kukausha, kwa hiyo hapa kwetu Nyegezi kuna chupa moja ya pinatibata na mabishano manne kila asubuhi.

Sababu yangu sio ubishi tu. Karanga karibu nusu yake ni mafuta na robo hivi ni protini, ukiisaga inakuwa kitu kizito kinachonata kwenye kaakaa kama udongo wa mfinyanzi, sasa ukipakia utamu juu ya uzito ule ulimi unachoka slesi ya kwanza haijaisha. Inachotaka ni kitu cha kuukata ule uzito: uchachu, ukali, maji maji, au kitu kinacholia kwenye meno. Ukilielewa hilo mengine yote humu chini unaweza ukabadilisha unavotaka.

Hatua ya kwanza: karanga zenyewe

Unaweza kununua chupa tayari, hamna dhambi. Ila geuza chupa usome nyuma. Ikiwa imeandikwa karanga na chumvi basi, beba. Ikiwa kuna sukari na mafuta yaliyogandishwa kiwandani, ujue hayo mafuta yamewekwa ili yale ya karanga yasipande juu, na ndio maana pinatibata ya namna hiyo iko laini mwaka mzima kama mafuta ya kujipaka. Ile ya karanga tupu mafuta yanaelea juu na watu wanarudisha dukani wanasema imeharibika. Haijaharibika bana, koroga.

Mi nasaga mwenyewe na karanga nanunua Buhongwa, kwa sababu mzigo wa Misungwi na Kwimba unapita njia hiyo. Mara ya kwanza nilienda na macho ya mtu wa mjini, nikaanza kuchambua zile kubwa kubwa nyeupe. Nikamwamkia yule mama muuzaji kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," akaitika, akaniangalia navochagua, afu akacheka.

"Baba, unaenda kuuza kwenye vikombe stendi?"

"Hapana mama, nasaga ya kupaka mkate."

"Basi hizo kubwa waachie wenye vikombe. Chukua hizi ndogo nyekundu, zina mafuta. Tafuna kwanza. Mbili tu, usinimalizie."

Nikatafuna. Akaniuliza, "Kuna uchungu?" Nikasema hamna. "Haya, ukisikia uchungu hata kwa moja, rudisha mkono mfukoni uondoke."

Na yule mama kaongea kitu kikubwa kuliko alivyoonekana anakisema, japo kutafuna peke yake hakutoshi. Karanga zilizokaa na unyevu zinashika ukungu, na ukungu huo unatoa sumu kuvu. Sumu yenyewe ilianza kujulikana kupitia karanga hizi hizi: mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa, wakafuatilia wakakuta chanzo ni mashudu ya karanga waliyolishwa. Hapa kwetu mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara, safari hiyo ilikuwa kwenye mahindi. Inaua ini polepole hata ukila kidogo kidogo miaka mingi. Na usijidanganye kwamba moto utaimaliza, kukaanga kwa jikoni hakuitoi. Kinga yako ni kuchambua, hivyo ukifika nyumbani mwaga karanga kwenye sinia, kaa juani, toa zote zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zenye rangi ya ajabu. Tupa. Usimpe kuku, maana sumu inamhusu na yeye. Kwenye kilo moja nzuri utatupa kiganja kimoja, ukiona unatupa theluthi basi umeuziwa uchafu, usiendelee.

(Tukiwa hapo hapo kwenye karanga: Waingereza mwaka 1947 walikuja na matrekta Kongwa wakitaka kugeuza pori kuwa shamba kubwa la karanga la kutoa mafuta, na Urambo na Nachingwea vilevile, mwaka 1951 wakaachana nayo, pauni kama milioni 36 zimeteketea. Yule mama wa Buhongwa anauza karanga za jembe la mkono.)

Hatua ya pili: kukaanga

Hapa ndipo ladha yote inapoamuliwa kwa hiyo ukiwa na haraka ahirisha. Sufuria nzito au kikaango cha chuma, jiko la mkaa lenye makaa yaliyokwisha kuwaka vizuri afu ukayatandaza na kuyafunika na majivu kidogo, karanga kilo moja. Hamna mafuta, hamna maji. Unageuza na mwiko bila kupumzika, dakika 20 mpaka 25. Wanaouza mtaani wengine wanakaangia kwenye mchanga ili joto lienee sawa, ukitaka mbinu hiyo nyumbani tumia chumvi ya mawe, afu unaichekecha baadae. Wenye oveni: nyuzi 170, dakika 15 mpaka 20, geuza mara mbili.

Usitumie saa peke yake. Kwanza zitakuwa kimya, afu zitaanza kulia pa, pa, kama mtu anavunja vijiti mbali, harufu itakuja ya maharage kwanza halafu ndio ya karanga. Ikishakuja ya karanga toa moja, iache ipoe dakika nzima, ipasue katikati uangalie tumbo lake. Rangi ya chai ya maziwa ndio unayoitaka. Ngozi ya nje itakudanganya, usiiangalie. Na zitoe kwenye moto kabla kidogo ya kufika unapotaka, zimwage kwenye sinia pana, kwa sababu zikibaki ndani ya sufuria zinaendelea kujikaanga zenyewe. Mi niliunguza kilo nzima kwa simu ya dakika tatu, nikajaribu kuisaga hivyo hivyo nikidhani chumvi itaficha, ikatoka kitu cheusi kichungu kama dawa ya mizizi.

Kuhusu kiwango: ukikaanga kidogo inakuwa tamu tamu na laini, hiyo ndio ya watoto na ya watu wa ndizi. Ukikaanga zaidi, tumbo likawa la kahawia, inakuwa na nguvu ya kubeba pilipili, ndimu na dagaa. Nyumbani kwangu nakaanga mafungu mawili kwa sababu nilichoka kesi.

Hatua ya tatu: maganda

Zisugue kwenye kitambaa zikiwa bado na uvuguvugu, afu pepeta na ungo nje. Mchana upepo wa ziwa unakufanyia nusu ya kazi, ila simama upande unaotoka upepo, sio unaokwenda. Maganda machache yakibaki sio mbaya, mengi yanaleta uchungu.

Hatua ya nne: kusaga

Saga zikiwa bado na joto kidogo. Mafuta yenye joto ni mepesi, yanatoka haraka. Hili sio jipya: Mkanada Marcellus Gilmore Edson wa Montreal, aliyepewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya karanga za kusaga mwaka 1884, alikuwa anasaga karanga zilizokaangwa katikati ya vyuma vyenye moto mpaka zinakuwa uji. Watu wengi wanamtaja George Washington Carver, yule mwanasayansi wa Marekani, kwamba ndiye aliyeanzisha, lakini huyo mwaka 1884 alikuwa bado kijana mdogo.

Kwenye blenda weka vikombe viwili kwa awamu, usijaze. Washa dakika moja, zima, kwangua pembeni na kijiko, washa tena. Utapita vituo vitatu na kituo cha pili ndicho kinachowakatisha watu tamaa. Kwanza unga. Afu linakuja donge zito linalozunguka kama ugali, blenda inalalamika, unaona kabisa hapa nimeharibu. Hujaharibu. Zima, ipumzishe dakika mbili tatu motor ipoe, endelea. Ghafla donge linalegea, linang'aa, linaanza kutiririka, hapo mafuta yametoka ndani ya karanga na kazi imekwisha. Ukijumlisha mapumziko ni kama dakika 8 mpaka 12. Ukiona blenda yako ni dhaifu weka kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti kwenye kituo cha pili.

Kamwe usiweke maji. Mi niliweka, siku ya kwanza kabisa, nilipoona donge limegoma nikasema nusu kikombe tu ilainike. Badala ya kulainika likakaza likawa kama simenti, nikaongeza tena, mwishoni likawa laini kweli, nikajaza chupa mbili nikapiga na picha. Siku ya tatu nafungua, harufu ya togwa. Karanga kavu iliyosagwa inakaa muda mrefu kwa sababu haina maji ya kulea vijidudu, ukiweka maji umewajengea nyumba.

Sasa kuna siku umeme ulikatika nikiwa kwenye donge. Limeganda kwenye visu, wageni wanakuja jioni. Waifu akatokea mlangoni, "Baba Neema, sasa hilo utalifanyaje?" Nikaangalia kinu pale kona tunachotwangia kisamvu, nikakifuta vizuri nikakausha na kitambaa, nikaanza kutwanga kidogo kidogo, vijiko vitatu vitatu, jasho linatoka. Ilichukua karibu saa nzima na haikufikia ulaini wa blenda hata kidogo. Ilibaki na vipande, vingine kama punje ya mchele. Jioni wageni wakaimaliza. Ile chenga chenga inakupa kitu cha kutafuna, haikugandi mdomoni, na tangu siku hiyo hata umeme ukiwepo natenga kiganja kimoja cha karanga zilizokaangwa, natwanga nusu nusu pembeni, nachanganya mwishoni. Waifu hapendi, anasema zinaingia kwenye meno, kwa hiyo chupa yake tunaiacha laini.

Hatua ya tano: chumvi, pilipili, chupa

Kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini kwa kilo moja ya karanga. Weka nusu, saga, onja, ongeza, kwa sababu ikizidi hamna pa kuipeleka. Ya kwangu naweka na pilipili kichaa zilizokauka, nazipitisha kwenye kikaango kavu nusu dakika afu natwanga, nusu kijiko cha chai inatosha mtu mzima anayejielewa.

Chupa iwe kavu kabisa, kijiko kinachoingia kiwe kikavu kila siku. Kabatini mwezi mmoja, friji miezi mitatu hivi ila itakuwa ngumu. Siku mbili za kwanza isimamishe kichwa chini, mafuta yanarudi katikati yenyewe.

Hatua ya sita: mkate

Slesi za dukani zile laini zinashindwa na pinatibata nzito, zinachanika. Dawa yake ni kuzichoma kwenye kikaango kikavu upande mmoja tu, ule upande uliochomwa ndio unaopaka, unaobaki laini ndio unaoshika mkononi. Watu wengi wanachoma pande zote mbili afu wanalalamika inakwangua mdomo. Skonzi ni nzuri ikiwa ya siku hiyo hiyo. Chapati ndio bora kwa safari, unaipaka ikiwa ya moto inalainisha karanga, unaikunja, unaifunga kwenye karatasi, hata ukiwa kwenye daladala ya Igoma umebanwa kwapa kwa kwapa unakula bila kumwaga kitu. Andazi pasua likiwa la moto, ila andazi lenyewe lina sukari na iliki tayari kwa hiyo hapo tumia karanga yenye chumvi ya kutosha. Mkate wa brauni nakubali unaendana sana, shida yake ni kwamba kila mtu anayekula anakuhubiria.

Hatua ya saba: kupaka

Hii inaonekana ya kitoto lakini ndio inatenganisha sandwichi na aibu. Vijiko viwili vya chakula kwa sandwichi moja. Ikiwa ngumu iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano. Tumia mgongo wa kijiko, anzia katikati, sukuma kwenda pembeni mpaka ukingoni kabisa, wale wanaoacha pembe kavu sijui wanamwachia nani. Na paka slesi ZOTE mbili. Mafuta ya karanga yanazuia maji, kwa hiyo ukipaka pande zote mbili afu nyanya au ndizi ikakaa katikati, mkate unafika saa nne shuleni au kazini haujalowa.

Hatua ya nane: cha kuweka nayo

Hapa ndipo mabishano yote yapo, nitaenda mtu kwa mtu.

Ndizi, za waifu. Anataka ndizi mbivu za Bukoba, zile zinazoshuka bandarini na meli, ziwe zimeanza madoa meusi. Anakata duara nyembamba, anapanga kama vigae, afu anakamulia matone ya ndimu juu. Hiyo ndimu nilimfundisha mimi, alikataa miezi miwili, saivi anasema ni yake. Ndizi bila ndimu ni utamu juu ya uzito, narudi palepale. Usikate ndizi asubuhi ukale mchana, inakuwa nyeusi na mkate unalowa kwa chini, hata ukipaka pande mbili.

Jamu, ya watoto. Sikiliza, mi sina ugomvi na wazo la jamu, nina ugomvi na ile jamu nyekundu isiyojulikana ni ya tunda gani. Pishi la karanga na jeli lililochapishwa Boston mwaka 1901 lilisema jeli iwe ya matunda yale ya kwao yenye uchachu, sio utamu tu. Wenyewe walijua. Sasa sisi tuna ukwaju, miti ya bure kabisa huku Usukumani na uji wake tunakunywa, unashindwaje kuupaka kwenye mkate? Fanya hivi: ukwaju robo kilo, maji ya moto vikombe viwili, loweka nusu saa, finyanga na mkono, chuja mbegu na nyuzi. Weka sukari kikombe kimoja na chumvi kidogo, chemsha moto mdogo kama dakika 20 huku unakoroga, ukiona mwiko ukipita unaacha njia chini ya sufuria na njia haizibiki haraka, zima. Itakaza zaidi ikipoa. Neema aliuonja akafanya sura, akanyamaza, afu akasema, "Baba, niongezee." Mdogo wake bado yuko upande wa nyekundu.

Asali: ya Tabora, nyembamba kabisa, na chumvi juu. Nzuri na chai, haihitaji hotuba. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja usimpe asali hata ya kulamba.

Embe bichi. Hii ndio siri ambayo sijui kwanini watu hawaifanyi wakati kila mtoto wa Mwanza amekula embe bichi na chumvi na pilipili njiani kutoka shule. Menya, kata vipande vyembamba kama karatasi, chumvi, pilipili, acha dakika tano litoe maji, mwaga maji, panga juu ya karanga iliyokaangwa sana. Tango linafanya kazi hiyo hiyo kwa upole zaidi. Nyanya na kitunguu pia, ila toa mbegu za nyanya.

Yai la kukaanga linakubali kama kuna pilipili. Parachichi sikubali, mafuta juu ya mafuta. Nanasi la Geita ni tamu sana na ndio maana ulile peke yake, kwenye sandwichi linamwaga maji kila upande. Soseji niliona mtu anaweka, nikaondoka.

Sasa dagaa. Najua. Lakini jiulize, dagaa wa karanga si tunapika siku zote na ugali? Nilichofanya mimi ni kuhamisha tu sufuria kwenda kwenye mkate. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi, chukua wale waliokaushwa vizuri, wanaong'aa, wakavu mpaka wanapiga kelele ukiwamimina, wasio na mchanga na wasiobadilika rangi kuwa njano. Toa vichwa, najua ni kazi, weka redio. Osha na maji ya uvuguvugu mara mbili haraka haraka usiwaloweke, wakaushe kwenye kitambaa mpaka wakauke kweli. Mafuta kidogo yapate moto, kaanga kiganja kwa kiganja dakika mbili tatu mpaka wawe rangi ya dhahabu na mwiko ukiwagusa wanalia kama majani makavu. Toa, kamulia ndimu, chumvi onja kwanza. Mkate uliochomwa upande mmoja, karanga ya chenga chenga yenye pilipili pande zote, dagaa safu moja tu wasipandane, vitunguu vyembamba vilivyooshwa na chumvi, funga, bonyeza na kiganja dakika nzima ili dagaa waingie ndani ya karanga wasidondoke. Kula hapo hapo. Baada ya nusu saa wanalegea na utakuja kuniambia nimekudanganya.

Nilimpa jamaa yangu mmoja fundi boti bila kumwambia. Akala kimya, akafungua mkate akaangalia ndani, akafunga, akaendelea. Alipomaliza akaniuliza swali moja tu: "Kaka, unao wengine?"

Na mama mkwe. Kwake mkate ni kitu cha wagonjwa. Anachukua matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vikaanikwa, anavichemsha tena kidogo mpaka vilainike, anachovya kwenye karanga ile ile niliyohangaika nayo, na kikombe cha chai ya rangi. Kwanza nilikuwa nacheka. Afu siku moja mkate umeisha nikajaribu. Kiazi kina utamu wake wa ndani usio wa sukari, kinatafunika, na chumvi ya karanga inakivuta, kwa kweli bila uchachu wowote ilikuwa nzuri, na hiyo inaharibu hoja yangu ya mwanzo kwa hiyo simwambii.

Kinywaji

Chai ya rangi yenye tangawizi nyingi, sukari kidogo au hamna. Moto wa chai unayeyusha kilichoganda kwenye kaakaa, tangawizi inamalizia. Kahawa chungu pia, ndio mantiki ile ile ya kahawa na kashata, sema hapa kashata imelala kwenye mkate. Maziwa ya mtindi kwa matobolwa. Soda hapana. Uji wa ulezi na sandwichi ya karanga pamoja ni chakula cha mtu anayekwenda kubeba mawe, ukiwa unakwenda kukaa ofisini utalala saa tano.

Kabla hujampa mtoto wa mtu

Kuna watu karanga inawadhuru, wana mzio. Midomo kuvimba, vipele, kutapika, kupumua kwa shida, ukiona hayo usisubiri maziwa wala mkaa, kimbiza hospitali. Kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kugawa shuleni au kwenye sherehe. Watoto wadogo chini ya miaka mitano usiwape karanga nzima, zinawakaba, na hiyo ya chenga chenga pia subiri. Pinatibata laini paka nyembamba, usiwape kijiko kizima walambe.

Chupa ikikaribia kuisha

Usihangaike kukwangua na kisu. Mimina maji ya uvuguvugu robo chupa, sio ya moto yanayochemka maana chupa ya kioo inapasuka, funga, tikisa sana, utapata tui zito la karanga. Hapa maji yanaruhusiwa kwa sababu linaliwa siku hiyo hiyo. Limimine kwenye mchicha au nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, dakika tano za mwisho, moto mdogo, koroga lisishike chini. Kwetu chupa za mwisho wa mwezi huwa sizioni, mama mkwe akija anazibeba zikiwa hata hazijafika nusu, anasema zimeisha.